Mazabodi ya G41 na vijiti viwili vya RAM vya 4GB: kimoja kinasomwa nusu, kingine kinagoma sloti ya pili tu. Kosa liko wapi?

#1 Saketi_Wazi
Wakuu salaam. Nina mashine ya mezani ya zamani: mazabodi ya chipseti ya G41, soketi ya LGA775, prosesa Core 2 Duo E8400, sloti mbili za DDR3, Windows 7. Ilikuwa na 2GB + 1GB, na ukifungua kurasa chache za kivinjari diski inasaga bila kupumzika. Nimeweka vijiti viwili vya 4GB. Vyote vimeandikwa PC3L-12800U, nembo moja, vimenunuliwa pamoja.

Vyote viwili pamoja: skrini nyeusi na mlio mrefu unaojirudia.
Kijiti A peke yake, sloti yoyote: inawaka, BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) inaonyesha 2048MB.
Kijiti B peke yake sloti ya 1: BIOS 4096MB, Windows inasema 4.00 GB, zinazotumika 3.24 GB.
Kijiti B sloti ya 2: BIOS 4096MB, lakini Windows inakufa njiani kwa skrini ya bluu.
Vya zamani vikirudishwa: mashine nzima kabisa.

Kitabu cha bodi kinasema mwisho ni 8GB. Naomba maoni ya watu wanaozijua bodi hizi.

#2 Anwani32
Hiyo 3.24 inajieleza yenyewe: Windows yako ni ya biti 32. Anwani zote za biti 32 ni 4GB, na ndani ya hizo lazima kadi ya grafiki, BIOS na vifaa vya PCI vipate sehemu yao. RAM iliyokaa chini ya sehemu hiyo haionekani. Weka Windows ya biti 64, E8400 inaimudu.

#3 MamaChipu
Mkuu #2, hilo ni kweli kwa kijiti B tu. Kijiti A kinasomwa 2048MB na BIOS, kabla Windows haijaguswa. Hapa kuna matatizo mawili au matatu yamevaa shati moja, tuyatenganishe.

Na kuhusu 3.24, biti 64 peke yake huenda isitoshe. Ndani ya BIOS tafuta Memory Remap Feature, kwa kawaida iko kwenye ukurasa wa chipseti au northbridge. Ikiwa imezimwa, hata mfumo wa biti 64 utabaki na 3.2 na kidogo, kwa sababu RAM iliyofunikwa na vifaa haihamishiwi juu ya 4GB.

#4 Kasi1066
Mimi naona kasi. G41 rasmi inaishia DDR3-1066. PC3-12800 ni 1600. Umeiwekea bodi RAM inayokimbia kuliko uwezo wake.

#5 Fundi_Wimbi
Hapana mkuu. Ile namba ni kasi ya juu ambayo kijiti kinaivumilia, hakilazimishi bodi kuifuata. Kwenye kijiti kuna chipu ndogo ya SPD yenye jedwali la kasi na subira zake. Bodi inalisoma, inachagua mstari unaoiweza, kijiti cha 1600 kinatembea 1066 na mambo yanaenda. Ukitaka kuona jedwali hilo fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD, halafu linganisha na ukurasa wa Memory unaoonyesha kinachotumika sasa. Kumbuka CPU-Z inaonyesha nusu: 533 MHz maana yake ni DDR3-1066.

Kasi inaweza kuwa kosa pale tu SPD ya kijiti imejazwa vibaya. Hutokea kwa vijiti visivyo na jina, ila ndiyo iwe hoja ya mwisho, si ya kwanza.

#6 MamaChipu
Twende kwenye A. Mleta uzi, hesabu chipu nyeusi kwenye kila kijiti, pande zote mbili, utuambie.

Nauliza kwa sababu hii. Kijiti cha 4GB kinaweza kujengwa kwa chipu 16 za gigabiti 2, au chipu 8 za gigabiti 4. Kwa macho ya mnunuzi vyote ni 4GB. Kwa G41 ni vitu viwili tofauti. Chipu ya DDR3 ya gigabiti 2 yenye upana wa biti 8 inatumia mistari ya anwani A0 hadi A14 kuchagua safu. Ya gigabiti 4 inahitaji na A15. Vidhibiti vya kumbukumbu vya wakati huo vilitengenezwa kwa chipu hadi gigabiti 2. Mstari wa 16 usipoendeshwa, nusu ya safu haifikiki. Kijiti cha 4GB kinageuka kuwa 2GB, au mashine haiwaki kabisa.

Ndiyo maana kitabu kinasema 8GB na hakidanganyi. 8GB inapatikana, lakini kwa vijiti vyenye 2Rx8 kwenye kibandiko, yaani makundi mawili ya chipu zenye upana wa biti 8. Vyenye 1Rx8 haviingii kwenye hesabu hiyo. Ugonjwa huu huu uko kwenye Core i za kwanza za soketi ya LGA1156. Kuanzia Sandy Bridge, yaani LGA1155, umeisha.

#7 Pini_Moja
Naongeza uwezekano mwingine. Sloti moja kugoma na nyingine kukubali, mara nyingi ni pini iliyopinda kwenye soketi ya prosesa, au hitisinki (chuma cha kupoozea) iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine. Fungua, angalia kwa lenzi.

#8 Fundi_Wimbi
Kwa LGA1156 na kuendelea ningekuunga mkono kwa nguvu zote, na kwa AMD tangu Athlon 64 vilevile, maana huko kidhibiti cha kumbukumbu kiko ndani ya prosesa na nyaya za RAM zinapita kwenye pini za soketi. LGA775 siyo. Kidhibiti kiko kwenye northbridge, ile chipu yenye hitisinki yake ndogo kati ya prosesa na sloti. Prosesa inaongea na northbridge tu, haijui sloti ya 1 wala ya 2. Pini ikipinda hapo, mashine nzima inayumba.

#9 Pini_Moja
Nimekuelewa. Ila northbridge nayo ina solda chini yake, na bodi iliyopindishwa na hitisinki nzito ya prosesa inaweza kuivuta. Hoja yangu naihamisha hatua chache, siifuti.

#10 Saketi_Wazi
Nimehesabu. A ina chipu 8, upande mmoja, nyuma tupu. B ina 16, nane kila upande. Kibandiko cha A kinasema 1Rx8, cha B 2Rx8. Sikutarajia, ufungashaji ni uleule.

#11 Kasi1066
Basi MamaChipu amemaliza kazi kwa A. Naondoa hoja ya kasi kwa kijiti hicho, kwa B bado naishikilia.

#12 Safu_na_Nguzo
Taratibu na hizo 16. Wingi wa chipu peke yake hautoshi. Kuna vijiti vya 4GB vinavyouzwa kwa maneno kwamba ni vya AMD tu. Vina chipu 16 za gigabiti 2, lakini kila chipu ina upana wa biti 4 badala ya 8. Hizo zinahitaji biti 11 za anwani ya nguzo (seli za wima) badala ya 10, na vidhibiti vya Intel vya mashine za mezani havizikubali. DDR2 ya 4GB nayo imejaa vijiti vya namna hiyo. Dalili zake ni vurugu: leo inawaka, kesho haiwaki, au inasoma ukubwa sahihi kisha inaanguka.

Kibandiko kinaweza kubandikwa na yeyote. Soma namba iliyochongwa kwenye chipu yenyewe. Mfano kwa chipu za Samsung: K4B2G0846 ni gigabiti 2, biti 8, hiyo inafaa. K4B2G0446 ni gigabiti 2, biti 4, haifai kwa G41. K4B4G0846 ni gigabiti 4, ndiyo ile ya kusomwa nusu.

Kwa wanaopita hapa kununua: angalieni pia herufi ya mwisho ya PC3. U ni ya mezani. R ni ya seva, ina rejista katikati ya kijiti na idadi ya chipu hugawanyika kwa 9. Inaingia kwenye sloti ya DDR3 bila kupinga, mkato uko mahali palepale, ila bodi ya mezani ya kawaida haiwaki nayo.

#13 Mkato240
Hapo kwenye mkato niongeze, kwa sababu watu wengi husema DDR2 haiingii kwenye DDR3 kwa kuwa pini zinatofautiana idadi. Zote zina pini 240. Kinachozizuia ni mahali mkato ulipo, na volti ni tofauti: DDR2 ni 1.8, DDR3 ni 1.5. Ukiona kijiti hakikai sawa usikikandamize, kitoe ulinganishe. DDR4 ndiyo yenye pini 288 na volti 1.2.

#14 Volti_Safi
Tuongelee volti basi, mbona mmeiruka. Vijiti vyote viwili ni PC3L. Hiyo L ni volti 1.35. Bodi ya G41 inatoa 1.5. B inagoma kwa sababu inalishwa kupita kiasi.

#15 MamaChipu
DDR3L ya kawaida imetengenezwa ifanye kazi 1.35 na 1.5. Tatizo la volti liko kinyume chake, kupeleka DDR3 ya 1.5 kwenye mashine inayotoa 1.35 tu. Na kama volti ingekuwa ndiyo sababu, B ingelalamika sloti zote mbili, maana zinalishwa na chanzo kimoja.

#16 Volti_Safi
Chanzo ni kimoja, njia ni tofauti. Sloti ya 2 iko mbali zaidi na kidhibiti cha volti kwenye bodi nyingi. Kapasita zilizochoka zinaifanya volti ya mwisho wa njia icheze wakati kijiti kinavuta umeme kwa ghafla. Kijiti cha 2GB hakivuti kama cha chipu 16. Weka kipimo cha volti pembeni ya sloti wakati mashine ina kazi, utaona.

#17 Kifutio
Jamani kabla ya kapasita, mmesafisha? Sloti ambayo imekaa miaka na kijiti kilekile ina ukungu wa oksidi kwenye meno yake. Futa meno ya kijiti kwa kifutio cheupe laini, puliza sloti kwa hewa, ingiza na kutoa kijiti mara kadhaa ili meno yajisugue.

#18 Fundi_Wimbi
Kusafisha nakubali, kifutio sikubali. Dhahabu ya kwenye meno ni nyembamba sana, kifutio kina chembe za kukwaruza, na uchafu wake ukidondokea ndani ya sloti umeongeza tatizo. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichotoa nyuzi, acha ikauke. Sloti: brashi laini yenye alkoholi hiyohiyo, pita kwa urefu wa sloti bila kukandamiza.

#19 Kifutio
Kifutio laini kikitumika mara moja hakimalizi dhahabu. Anayekisugua kama sufuria ndiye anayeharibu. Mafundi wengi wanakitumia, na oksidi ngumu alkoholi haiitoi, inatoa mafuta tu.

#20 MamaChipu
Mnaobishana kuhusu kusafisha, kuna jambo la kutangulia. Kuzima kwa Windows hakutoshi. Pawa saplai ikiwa imechomekwa, volti 5 za kusubiri bado ziko kwenye bodi, na mashine ikiwa imelala RAM yenyewe ina umeme. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hivi, subiri taa ya kwenye bodi izime kabisa. Gusa chuma cha boksi. Ndipo ufungue lachi za sloti. Kijiti kikiingia vizuri lachi zote mbili zinajifunga zenyewe. Ukisikia mlio upande mmoja tu, bado hakijakaa.

#21 Saketi_Wazi
Shukrani wote. Namba ya chipu za B ni K4B2G0846, kwa hiyo biti 8. Sloti zote mbili nimezisafisha kwa alkoholi na brashi. Kisha Memtest86+ 5.01, programu ya kupima RAM, B peke yake. Sloti ya 1: duru nzima imepita bila kosa. Sloti ya 2: makosa machache, hayapo mwanzoni, yanaanza mashine ikishapata joto. Anwani zinabadilika, lakini safu ya Err-Bits ni ileile kila mara, 00000400. Anwani zote zinaishia na 0 au 8.

#22 Safu_na_Nguzo
Hii ndiyo taarifa tuliyokuwa tunaihitaji. 400 kwa heksi ni biti ya 10 ukianza kuhesabu sifuri. Toleo la 5.01 linapima kwa maneno ya biti 32, kwa hiyo anwani inayoishia 0 au 8 ni nusu ya chini ya njia ya biti 64. Ni mstari mmoja wa data, DQ10. Chipu ikiwa na tatizo kwenye seli zake, anwani ingekuwa moja au za jirani, na ingejitokeza hata sloti ya 1. Hapa anwani zinahama na mstari ni mmoja. Huo ni mguso: jino moja la sloti ya 2, au solda ya jino hilo chini ya bodi. Pasha solda za sloti ile upya.

#23 Volti_Safi
Na joto? Jino chafu linakosea toka mwanzo, halisubiri mashine ipate moto. Kinachosubiri joto ni kapasita au northbridge. Pandisha DRAM Voltage kwenye BIOS hadi 1.55. Mpaka wa DDR3 ni 1.575, uko ndani. Makosa yakipungua, ni umeme.

#24 Fundi_Wimbi
Solda iliyopasuka nayo inasubiri joto, mkuu. Chuma kinatanuka, ufa unafunguka. Na makosa yakipungua kwa 1.55 bado hujathibitisha kapasita: ishara yenye nguvu zaidi inavuka hata mguso dhaifu. Kipimo chako kinaziacha hai hoja zote tatu kwa pamoja: kapasita, northbridge na solda.

#25 Diski_Nyepesi
Naingia nje ya mada kidogo. Mashine ya umri huu, kwa nini msianze na SSD? Bodi nyingi za G41 zina ICH7 (chipu inayoendesha diski), SATA ya 3 Gb/s, kasi inabanwa chini ya 300 MB kwa sekunde. Hata hivyo kwa kusoma vipande vidogovidogo bado inaiacha diski ya kuzunguka mbali sana. Mtu ataona tofauti kuliko kutoka 3GB kwenda 8GB.

#26 Anwani32
Inategemea kinachokwama. Fungua Resource Monitor, ukurasa wa Memory, tazama Hard Faults/sec wakati mashine imekwama. Ikiwa ni mamia mfululizo, RAM imeisha na mashine inakopa kwenye diski. Hapo SSD itaficha maumivu bila kuyatibu, na itaandikwa kupita kiasi. Ikiwa iko karibu na sifuri na bado ni nzito, RAM haitasaidia, nenda SSD. Kwenye Linux ni `vmstat 1`, safu za si na so.

Atakayeweka SSD ndogo azingatie hiberfil.sys, faili linalohifadhi yaliyomo kwenye RAM mashine ikilala kwa muda mrefu. Kwenye Windows 7 inachukua asilimia 75 ya RAM, kwa hiyo 8GB inakula 6GB za diski. `powercfg -h off` inaiondoa, na kulala kwa muda mrefu kunaondoka nayo.

#27 PAE_Hai
Anwani32, hakuna ulazima wa kuhamia biti 64. PAE, njia ya prosesa ya kurefusha anwani, inaipa biti 32 anwani hadi 64GB.

#28 Anwani32
Kwenye Linux ya biti 32 yenye PAE, ndiyo. Windows za kawaida za biti 32 zimefungwa 4GB kwa makusudi hata PAE ikiwa imewashwa, kwa sababu ya madereva yaliyoandikwa bila kutarajia anwani ndefu. Na kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna kupandisha juu kwa juu, ni kusakinisha upya, kwa hiyo hifadhi mafaili kwanza. Ukishafika hapo, Windows 7 iliacha kupata masahihisho tarehe 14 Januari 2020, fikiria mfumo mwingine kabisa.

#29 Saketi_Wazi
Nimepandisha 1.55. Makosa yamepungua, hayajaisha. Kijiti cha zamani cha 2GB, chipu 8 upande mmoja, sloti ya 2: duru nzima safi, hata kukiwa na joto.

#30 Volti_Safi
Nilisema. Chipu 8 safi, chipu 16 makosa. Mzigo.

#31 Safu_na_Nguzo
Mzigo wa mstari wa data, si wa umeme. Kijiti cha 2Rx8 kinaning'iniza chipu mbili kwenye DQ10, cha 1Rx8 chipu moja. Mguso wenye ukinzani unavumilia chipu moja, ya pili inauzidi. Bado nasema solda.

#32 Kasi1066
Na mimi bado niko hapa. Shusha hadi DDR3-800 kwa mkono, uache volti 1.5. Nafasi ya muda ikipanuka na makosa yakaisha kabisa, hujahitaji chuma cha solda wala kapasita. Kwa E8400 kushuka kutoka 1066 hadi 800 hutakuona kwenye kazi ya kawaida.

#33 Pini_Moja
Wakati mnapima, elekeza feni ndogo kwenye hitisinki ya northbridge tu, sloti zisipate upepo. Makosa yakiisha, sloti haina hatia.

#34 MamaChipu
Kwa matumizi ya leo: B sloti ya 1, kile cha zamani cha 2GB sloti ya 2. Jumla 6GB. Chipseti itaunganisha 2GB za B na 2GB za pili kwa njia mbili kwa wakati mmoja (dual channel), 2GB zinazobaki zitatembea njia moja. Kwa kuwa grafiki ya G41 inakopa RAM hiyohiyo, njia mbili ina faida. Piga Memtest vikiwa pamoja kabla ya kuiamini mashine na kazi yoyote.

#35 Safu_na_Nguzo
Kwa kazi sawa, ila DQ10 ya sloti ya 2 itabaki palepale. Mleta uzi, ukijaribu 800 ya Kasi1066 na feni ya Pini_Moja, usizifanye pamoja. Moja, Memtest hadi joto lifike, andika, kisha nyingine. Na ukipata B ya pili ya 2Rx8, anza nayo sloti ya 2 kabla ya kugusa bodi.